Usafi wa Nyumba Chumba kwa Chumba: Tuliujifunza Wapi?

Leo tunaingia nyumbani mwako, tena si kwa kuchungulia mlangoni. Tutapita chumba kwa chumba, tuinue godoro, tusogeze kabati, tufike hata nyuma ya nyumba kwenye choo. Lakini kabla ya kushika ufagio, tuulizane swali moja: kazi hizi za usafi tunazozifanya kila siku tulizijifunza wapi, na kwa nini?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi wetu tunasafisha nyumba kwa ajili ya mgeni. Tukisikia shemeji anakuja kutoka Nairobi, vitambaa vya makochi vinafuliwa, sebule inang'aa, vikombe vizuri vinashushwa kabatini. Si vibaya. Lakini ukifuata historia ya magonjwa huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, utaona kwamba yaliyoua watoto wetu kwa wingi hayakuanzia pale mgeni anapoketi. Yalijificha chini ya kitanda, ndani ya mtungi wa maji, na kwenye mikono iliyotoka chooni bila kunawa. Karibu kila kazi ya usafi ina ugonjwa wake na mwaka wake. Ukiijua historia hiyo, utajua uanzie wapi siku ambayo nguvu ni kidogo, watoto ni wengi na sabuni imebaki kipande.

Zamani, boma lilipohama

Tusidhani kwamba usafi uliletwa na treni. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Kabla ya hapo nyanya zetu wa tambarare za Kano walikuwa tayari wakifagia uwanja asubuhi, wakisugua vyungu kwa majivu, na kukandika sakafu kwa udongo uliochanganywa na samadi ili vumbi litulie. Majivu hayo si ushamba. Yanakata mafuta, na hata leo, mahali ambapo hakuna sabuni, tunamwambia mama asugue mikono kwa majivu na maji.

Tena wazee walikuwa na njia moja kubwa ya kusafisha ambayo sisi hatuna tena, nayo ni kuhama. Nyumba ya udongo na nyasi ikizeeka, mchwa wakiingia na kunguni wakijaa, ilijengwa nyingine. Baada ya miaka mingi boma lenyewe liliachwa, familia ikaanzisha jingine mahali papya. Mahame yale, ambayo kwa Dholuo huitwa gunda, yaligeuka shamba zuri, kwa sababu samadi na takataka za miaka mingi zilikuwa zimeoza na kuwa mbolea.

Wakati wa ukoloni mambo yalibadilika. Mipaka iliwekwa, watu wakaongezeka, na baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kazi ya kupima mashamba na kutoa hati ikashika kasi nchini. Leo una ploti yako moja na nyumba ya mabati uliyoijenga kwa jasho. Huwezi kuwaachia kunguni ukaenda zako. Ndiyo maana tunahitaji usafi wa kina, ule wa kutoa vitu vyote nje. Usafi huo umechukua mahali pa kuhama.

Chumba cha kulala: funza, panya na mbu

Tuanze pale mtoto anapolala. Inua godoro, kisha tazama sakafu.

Funza anayekula vidole vya watoto wetu hakuwa wa hapa. Alivuka bahari kwa meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872. Kutoka huko alisafiri na misafara ya watu, mguu kwa mguu, na kufikia miaka ya 1890 alikuwa ameshafika Afrika Mashariki. Watu hawakumjua, na wengi walilemaa kabla ya kujifunza kumtoa. Funza jike hujichimbia katika ngozi, lakini mayai yake hudondoka chini na kukua ndani ya vumbi. Kwa hiyo kumtoa funza kidoleni na kuacha vumbi chumbani ni kazi nusu. Sakafu ya udongo nyunyizia maji kabla ya kufagia, uikandike tena inapopasuka, na usiwaache kuku, mbwa au mbuzi walale chumba kimoja na mtoto. Watoto wakae mbali hadi sakafu iliyokandikwa ikauke. Samadi isiguse kamwe kitovu cha mtoto mchanga, maana humo kuna vijidudu vya pepopunda.

Mgeni wa pili ni panya. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, aligundua huko Karachi kwamba tauni inapitishwa na viroboto wa panya. Miaka minne baadaye, mwaka 1902, tauni ilizuka Nairobi na wakuu wa serikali wakachoma moto soko la Wahindi, mali na nyumba kwa pamoja. Huku Nyanza pia tauni ilipita. Moto ulikuwa njia ya watu waliokosa subira. Njia yetu sisi ni kumnyima panya chakula na maficho. Hapa Ahero wengi tunaweka magunia ya mpunga na mahindi chumbani, wakati mwingine chini ya kitanda. Yaondoe hapo. Yapandishe juu ya mbao, yasiguse ukuta, na ufagie chini yake kila juma. Ukipata chombo chenye kifuniko cha kubana, ni bora zaidi.

Wa tatu ni mbu. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897, akiwa India, kwamba mbu ndiye anayebeba vijidudu vya malaria. Sisi tunaishi kando ya Mto Nyando, katikati ya mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mpunga hutulisha, na maji yake humlea mbu. Hatuwezi kuyakausha mashamba, lakini tunaweza kufunga mlango wa usiku. Kati ya mwaka 1997 na 1999 watafiti waligawa neti zenye dawa katika vijiji vya Asembo na Gem, si mbali na hapa, na vifo vya watoto wachanga na wadogo vikapungua kwa takriban asilimia 16. Hiyo ni heshima ya kutosha kwa kipande cha kitambaa. Basi unaposafisha chumba, neti nayo ihudumie. Ifue kwa sabuni ya kawaida, si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu, bila Jik, na uianike kivulini. Shona matundu siku hiyo hiyo.

Mwisho fungua dirisha. Tangu Robert Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, tunajua kwamba hewa iliyofungiwa ni rafiki wa ugonjwa huo. Nyumba nyingi zina madirisha, lakini yamezibwa na kabati au hayafunguliwi kwa hofu ya wezi. Mchana, ukiwa nyumbani, yafungue. Godoro na blanketi zipigwe jua.

Jikoni na mtungi wa maji: kipindupindu

Sasa tuingie jikoni. Hapa, mama, usiwe na haraka.

Kipindupindu kilifika Kenya mwaka 1971 katika wimbi kubwa la dunia lililoanzia Indonesia mwaka 1961. Lakini kipindi ambacho wakazi wa Nyanza hawatasahau ni kile cha mvua za El Niño. Kuanzia Juni 1997 hadi Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza ziliripoti wagonjwa 14,275 waliolazwa kwa kipindupindu, na 547 kati yao walifariki. Watafiti walipouliza wagonjwa na watu wengine waliosalimika walikula na kunywa nini, mambo matatu yalijitokeza: kunywa maji ya ziwa, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kula kwenye karamu za matanga.

Tazama orodha hiyo tena. Hakuna hata moja inayoonekana kwa macho kuwa uchafu. Maji ya ziwa yanaweza kuwa maangavu. Sahani ya matanga inaweza kung'aa. Huko London nako mwaka 1854 watu walipenda maji ya bomba moja la mtaani, mpaka daktari John Snow alipoonyesha kwamba ndiyo yaliyokuwa yakiwaua kwa kipindupindu.

Kwa hiyo usafi wa jikoni huanza na mtungi. Nyanya zetu waliweka maji katika dapi, chungu kinachopoza maji vizuri sana. Shida ya chungu ni mdomo wake mpana: kila anayechota huingiza kikombe, na mara nyingi vidole. Karibu na mwaka 2000, akina mama wafinyanzi wa Nyanza walianza kutengeneza chungu kile kile kwa umbo jipya, chenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo la kufungulia maji. Hawakuitupa dapi, waliiziba tu pale ugonjwa ulipopitia. Hivyo ndivyo wahenga walivyosema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi fanya hivi. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa. Chombo chake kiwe na kifuniko. Kila juma kimwage, kisugue ndani kwa sabuni na brashi mpaka ule utelezi utoke, ukisuuze, kisha ujaze upya. Kikombe cha kuchotea kiwe na mkono mrefu na kitundikwe, kisilazwe juu ya kifuniko. Vyombo vioshwe na kukaushwa kwenye kichanja juani, si kwa kitambaa kibichi kilichofuta meza tangu jana. Kikombe na kijiko cha mtoto ni bora kuliko chupa, kwa sababu chuchu ya chupa ina kona nyingi zisizofikiwa na brashi.

Halafu mikono. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wengi wakifa baada ya kujifungua. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwaamuru wanawe kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Wenzake wengi walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo yenye makosa. Hata leo mtu huchukia. Ndiyo maana sisi wauguzi hatusemi tu, tunakuomba utundike kibuyu chirizi mlangoni pa jikoni na kingine karibu na choo, pamoja na sabuni, ili mkono ukumbushwe na macho. Tukienda matanga pia, hatuwezi kukataa kula na wafiwa, lakini tunaweza kuwa wa kwanza kuomba maji ya bomba au ya kumiminiwa badala ya beseni moja la watu wote.

Jambo moja zaidi kuhusu jiko la kuni. Moshi wa zamani ulifukuza wadudu darini, lakini mapafu ya mtoto mgongoni mwako ndiyo yaliyolipa. Kama jiko lako liko ndani ya nyumba, litenge, au ufungue upenyo wa moshi juu. Masizi ukutani yanakuonyesha yale anayovuta mtoto.

Choo: ahadi ya wanaume

Sasa tutoke nje. Habari ya choo katika Nyanza ina siasa ndani yake, na ningependa mzee wa nyumba naye aisikie.

Mwishoni mwa mwaka 1921 vijana wasomi wa Nyanza walianzisha chama cha kudai haki. Walipinga kipande, kodi kubwa na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1923 mmisionari wa Kianglikana mwenye cheo cha Archdeacon, Walter Edwin Owen, alikisimamia chama hicho na kukigeuza kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Pamoja na madai ya haki, wanachama sasa walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kujenga nyumba bora. Wako waliolalamika kwamba watu walidai ardhi na haki, wakapewa jembe la kuchimba choo. Malalamiko hayo yana uzito wake, na wanahistoria bado wanayajadili.

Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi tunalisahau. Wanachama wa chama kile walikuwa zaidi wanaume: walimu, machifu, watu wa kanisa. Wao ndio waliobeba jukumu la kuchimba choo na kuua panya. Baadaye mafundisho ya nyumba yalielekezwa zaidi kwa mwanamke. Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925 kufundisha walimu wa vijijini, iliwafundisha wake zao usafi na malezi ya watoto. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ikaendeleza mafunzo kama hayo katika vikundi. Mafunzo yale yalisaidia nyumba nyingi. Lakini pole pole ikawa kama kwamba uchafu wa boma zima ni aibu ya mama peke yake. Si hivyo. Kuchimba shimo, kuezeka, kutengeneza kifuniko cha tundu na kuweka mlango unaofungika ni kazi ya nyumba nzima. Baba akisema usafi ni mambo ya wanawake, mkumbushe wazee wa mwaka 1923.

Kwa usafi wa choo, fagia na kusugua sakafu kila siku, funika tundu, na usitumie ufagio wa choo mahali pengine popote. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Wako wanaosema hakina madhara kwa kuwa mtoto ananyonya tu. Kina vijidudu sawa na cha mtu mzima, na mikono iliyobadilisha nepi inanawa kwa sabuni.

Sebule: vumbi lisiloonekana likiruka

Tumefika sebuleni mwisho, na nimefanya hivyo makusudi. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyehudumia askari huko Scutari mwaka 1854 na kuendelea, aliona wengi wakifa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alikaza hewa safi, mwanga na usafi wa chumba, na akapinga tabia ya kupiga vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu vumbi linahama tu. Tumia kitambaa chenye unyevu. Anza juu, darini na kwenye fremu za picha, kisha ushuke hadi sakafuni. Toa mito ya makochi ipigwe jua. Na tazama nyuma ya kochi: je, mafuta ya taa au Jik yamewekwa katika chupa ya soda? Mtoto atadhani ni soda. Yaondoe leo hii.

Mafuriko yakishapungua

Kwetu Ahero kuna usafi wa kina ambao hatuuchagui wenyewe. Maji yalitufikia katika mvua za Uhuru za mwaka 1961, yakarudi wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena mwaka 2020 na 2024. Mto Nyando ukivunja kingo zake, choo na kisima huwa kitu kimoja.

Maji yakitoka, vaa viatu vya mpira, na angalia nyoka kabla ya kuingiza mkono popote. Toa matope yote kwanza na uoshe kwa sabuni, kwa sababu klorini haifanyi kazi ndani ya matope. Kisha pitisha Jik: sehemu 1 ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji kwa sakafu na choo. Kwa vyombo vilivyokwisha oshwa, kijiko 1 cha chakula cha Jik kwa lita 1 ya maji, kisha suuza vizuri. Usichanganye kamwe Jik na dawa ya choo yenye asidi au dawa nyingine yoyote, maana hutoa hewa ya sumu. Chakula kilichoguswa na mafuriko, hata kama ni gunia zima, kisiliwe. Najua inauma. Maji ya kisima yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Na mtoto akianza kuharisha maji maji, mpe ORS mara moja na umlete hospitali bila kungoja kesho.

Ya kukumbuka

Mama, mlezi, huenda huna siku nzima ya kusafisha nyumba. Kama una saa moja tu, anza na mtungi wa maji. Ukipata ya pili, choo na mahali pa kunawa mikono. Ya tatu iwe ya chumba anacholala mtoto: sakafu, magunia na neti. Sebule ifuate. Mgeni wa kweli atakusamehe vumbi la kochi, lakini kipindupindu hakina adabu ya mgeni.

Na kazi hii igawanywe. Mwana wa kiume anaweza kusugua mtungi, baba anaweza kurekebisha kifuniko cha choo, na wewe upate nafasi ya kuketi. Kinga ni bora kuliko tiba, na ni nyepesi zaidi ikibebwa na mikono mingi.